Ndoo ya Viwavi na Kazi ya Nasambu

Jumatatu, 12 Mei 2025. Kabuchai.

Habari njema! Njema kupita kiasi! Nasambu, kitinda mimba wangu, ameitwa mahojiano Kitale siku ya Ijumaa. Kampuni ya mbegu ya akina Sukhwinder inatafuta mwanabiolojia. Mmoja tu. Niliruka kutoka kitini, goti likalia, sikujali.

Nieleze vizuri, maana hata shajara inastahili kuelewa. Sisi tulipohitimu, kazi ndiyo iliyotutafuta. Tulikuwa wachache, wanaume watupu. Kituo cha utafiti wa mahindi kule Kitale kilinipa koti jeupe, nyumba, na mshahara wa kuolea. Siku hizi wanabiolojia ni wengi, tena wengi ni wasichana, na nafasi ni chache. Wakongwe wameng'ang'ania viti. Vijana wanapewa kandarasi ya msimu kwa malipo ya karani wa duka. Nasambu ana shahada ya baiolojia kutoka Kibabii, na huu ni mwaka wa tatu anasuka watu nywele Bungoma mjini. Amesema akikosa nafasi hii anafungua saluni yake na vitabu vyote anavigawa.

Anavigawa! Haiwezekani. Lazima nisaidie.

Rispah, mke wangu, amesema nitasaidia zaidi nikikaa kimya.

Jumanne, 13 Mei.

Kuna mshindani. Khaemba, mpwa wa jirani yangu Makokha, naye ameitwa. Makokha ni bakoki wangu, yaani tulitahiriwa msimu mmoja, kwa hiyo ana ruhusa ya kunitania hata mbele ya mchungaji. Amesimama langoni leo akauliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: ati msusi wenu anaenda Kitale kusuka ndevu za mahindi? Nilicheka. Sikufurahi.

Lakini hasira huzaa akili! Nikiwa nanawa uso, mpango ukanijia mzima mzima. Mwajiri huajiri akiwa na hofu. Nikimwonyesha adui, ndoo tele ya adui, atamwajiri Nasambu papo hapo.

Adui ni kiwavijeshi vamizi. Ana alama usoni kama Y iliyopinduliwa. Hujificha katika moyo wa mmea wa mhindi na kuutafuna polepole, kama mgeni asiyeaga. Mwaka huu ameenea kuanzia Mabanga hadi hapa kwetu.

Nasambu hajui lolote. Mshangao una nguvu zake.

Jumatano, 14 Mei.

Siku tukufu! Nimeokota viwavi tangu umande haujakauka. Mgongo umekwisha. Moyo unaimba.

Phanice, mwenye shamba la pili kutoka kwetu, alinikuta nimeinama katikati ya mahindi yake. Aliuliza, "Mzee Wekoye, si ungeniomba tu?" Nikamweleza kwamba mahindi ya kufika magotini hayana cha kuibwa. Kisha nikamweleza maisha ya kiwavi, kutoka yai hadi nondo, pamoja na mabawa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi kuja kila siku, bana. Hata kesho kuja."

Hamu ya elimu bado ipo mashambani!

Ndoo imejaa. Rispah anaidai kwa sababu ni yake ya maziwa. Nimemwambia sayansi inaihitaji. Ameuliza sayansi itakunywa chai na nini.

Alhamisi, 15 Mei.

Nimeifunga ndoo kwa kitambaa, nikakaza kamba. Majani sikuwawekea. Mdudu mwenye njaa anatisha zaidi. Nikitega sikio, nasikia wakikwaruzana humo ndani. Wana ari! Kama vijana wetu.

Makokha alikuja kuchungulia. Eti nasikia bakoki umeacha ng'ombe unafuga viwavi? Nikamwambia asubiri kesho. Akasema Khaemba amenunuliwa suti. Suti! Tangu lini mdudu akaogopa suti?

Ijumaa, 16 Mei. Kitale.

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya maabara. 

Nasambu alishtuka kunikuta langoni na ndoo. Aliomba kwa upole nirudi nyumbani. Akaomba tena, bila upole. Nikamwambia mlinzi kwamba mimi ni mtaalamu mstaafu, jambo ambalo ni kweli, na kwamba nimealikwa, jambo ambalo si kweli sana. Nikaingia.

Bi Preeti, binti wa Sukhwinder mwenye kampuni na mkuu wa maabara, alikuwa anawahoji Nasambu na Khaemba kwenye meza moja. Niliweka ndoo mbele yake. Nikatangaza kwamba jeshi limefika. Nikafungua kitambaa kwa madaha.

Kiwavi mmoja.

Mmoja! Mnene kama kidole gumba, amelala juu ya vichwa na ngozi za wenzake.

Nimefanya kazi na wadudu maisha yangu yote. Najua kabisa kwamba viwavi hawa wakisongamana hulana, hasa wakiwa na njaa. Maabarani kila mmoja tulimpa chupa yake. Vijana wangu walikuwa wakinisikia nikisema hivyo kila asubuhi! Lakini furaha ilikuwa imekaa mahali pa akili.

Khaemba alicheka hadi tai ikampanda begani. Bi Preeti hakucheka. Aliuliza kimetokea nini. Khaemba akasema labda ni sumu, tupulize dawa. Nasambu alikuwa amefunika uso. Akaufunua. Akaeleza yote, taratibu, kama mimi lakini kwa ufupi. Akaongeza kwamba ndiyo maana katika moyo wa mhindi mmoja mara nyingi hupatikana kiwavi mmoja mkubwa, na kwamba anayehesabu viwavi bila kuhesabu mimea iliyoshambuliwa anajidanganya.

Bi Preeti akamvutia kiti karibu. Kisha akamwomba mlinzi anisaidie kupata hewa.

Jumamosi, 17 Mei. Kabuchai.

AMEPATA! Bi Preeti amepiga simu asubuhi. Nasambu amelia, Rispah amepiga vigelegele, kuku wamekimbia. Ni kandarasi hadi mavuno. Mshahara unazidi ususi kidogo tu, kodi ya chumba Kitale ikishatolewa. Lakini vitabu amevipakia. Vyote! Hata vile vyangu vya zamani.

Amesema amepata kazi licha yangu. Rispah amesema vilevile. Furaha huwachanganya watu. Ni nani aliyepeleka ndoo?

Jumapili, 18 Mei.

Baada ya ibada Nasambu aliniapisha mbele ya mama yake kwamba sitapeleka kiwavi Kitale tena. Nimeapa. Mimi ni mtu wa neno langu.

Ila kandarasi inaisha wakati wa mavuno, na mtoto anahitaji ajira ya kudumu. Nimelitafakari jambo hili wakati wote wa mahubiri, kwa utulivu wa kisayansi. Mpango haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa mdudu. Nyuki hawalani! Hukaa maelfu kwa maelfu katika nyumba moja kwa amani. Bi Preeti akiwaona, ataelewa kwamba kampuni ya mbegu bila mtaalamu wa uchavushaji wa kudumu ni bure kabisa.

Makokha ana mzinga, na bakoki hanyimwi kitu. Amekubali, mradi nimtaje Khaemba pia. Kesho asubuhi tunaubeba, yeye mbele, mimi nyuma, mlango wa mzinga ukielekea upande wake.