Tundu la Harrowell

Baraza la Hifadhi ya Majumba ya Kale linayo furaha kuutangazia umma kwamba tundu lililo kwenye paa la Jumba la Harrowell, hapa kwetu Gloucestershire, Uingereza, sasa limeorodheshwa kuwa urithi wa taifa. Mimi, Katibu wa Baraza, ndiye niliyelipima. Lina upana wa futi mbili na linavuja vizuri sana.

Bibi Hester Ludlam, mjane mwenye jumba, hakufurahi. Tangu vigae vya mawe vidondoke analala na beseni kitandani, na kifua chake kinakoroma. Mara saba ameomba ruhusa ya kuliziba tundu. Mara saba tumemjibu kwa subira: kuta zile za mawe zina miaka mia nne, na sheria iko wazi kwamba chochote kilichoshikamana na jumba ni sehemu ya jumba. Tundu limeshikamana na paa pande zote.

"Mwanangu," akaniuliza, "na mvua nayo mmeiorodhesha?"

Nililiandika swali lake, maana lilikuwa na mashiko.

Jumanne, Mwenyekiti wetu, Sir Peregrine Astley-Coombe, alikuja mwenyewe kukabidhi cheti. Bibi alimwonya asikanyage chini ya tundu, mbao za sakafu zimeoza.

"Mama, mbao hizi zimebeba wafalme!" akasema, akapiga hatua.

Ubao ukakatika. Akazama hadi kiunoni, akanasa.

Seth Garlick, fundi mawe aliyekuja na vigae vyake kwa matumaini matupu, akachukua msumeno.

"Weka chini!" nikafoka. "Kukata sakafu ya kale bila kibali ni jela."

"Lakini mzee si amekwama?"

"Ameshikamana," nikamsahihisha. "Kisheria, ni sehemu ya jumba."

"Pumbavu wee!" Mwenyekiti akanguruma. "Lete fomu nisaini nitoke!"

Kwa masikitiko nikamkumbusha kanuni aliyoitunga mwenyewe: hakuna ofisa atakayesaini kibali kinachomnufaisha. Wajumbe wengine wako likizo Ureno, na maombi huchukua wiki nane.

Hapo mvua ikaanza. Ilimpata barabara, utosini.

"Basi, ombi la kuziba paa! Lete la Bibi!"

Nililikagua kwa makini. Mnufaika: Hester Ludlam. Halali kabisa. Akasaini yote saba huku maji yakimtiririka puani, na Seth akapanda juu kabla wino haujakauka. Kufikia saa kumi jioni hapakudondoka hata tone.

Bibi Hester akamwaga beseni lake dirishani.

"Mama mpenzi," Mwenyekiti akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ofisini, "huo msumeno... dakika moja tu. Nani atajua?"

Bibi akamtazama kwa huruma, akamfunika blanketi mabegani.

"Ningekutoa, Bwana Mkubwa," akasema, "ila naogopa jela."

Nilimpongeza kwa utii wake wa sheria, nikachukua kofia yangu nikaenda nyumbani.