Gari Lililofundishwa Adabu

Asubuhi ile kijiweni kwetu, kwenye kibanda cha kinyozi, habari ilikuwa moja tu: gari la Mzee Mbao limechemsha mpaka limenoki, injini imekufa. Na kidude kilichofungwa ndani yake ili lisinoki kilitengenezwa na Waya, fundi redio wetu, ambaye juzi tu alipeleka posa kwa binti wa mzee huyohuyo. Nilimhurumia, ila si sana.

"Kiligoma?" akauliza Spana, fundi magari, akipuliza kahawa.

"Hakikugoma," akajibu Waya. "Dereva yuko njiani, kidude kikasoma joto la injini, kikamtumia mzee ujumbe dukani kwake. Angejibu ZIMA, gari lingezimika hukohuko."

"Ujumbe ulisemaje?"

Waya akatazama viatu vyake. "Shikamoo."

"Halafu?"

"Halafu kinasubiri marahaba. Kisipojibiwa, kinaamkia tena."

Wembe, kinyozi, alikuwa amemaliza nusu ya kichwa cha mteja. Akazima mashine.

"Yaani injini inatokota, kidude kinasubiri marahaba?"

"Yule ni mkwe! Nimwambie 'gari linaungua' hivihivi, kavukavu? Heshima si utumwa."

"Kaiambie pistoni," akasema Spana.

"Na mzee hakujibu?" nikauliza.

"Namba ngeni. Sikumwambia kuwa ni ya kidude; nilitaka ashtukie tu."

Hapo wote tukamwelewa mzee. Namba ngeni ikikuamkia, ujue nyuma yake kuna ada, nauli au mchango. Mimi mwenyewe huwa sijibu.

"Si kingezima chenyewe?" akauliza Wembe.

"Kimzimie mkubwa gari bila ruhusa?"

"Sikio langu lingeshasikia zamani," Spana akajigamba.

"Sikio lako lilisema gari la mwalimu ni zima," akajibu Wembe. "Mpaka leo mwalimu anatembea."

Mara mzee mwenyewe akatokea kwa miguu, kidude mkononi, nyaya zikining'inia. Waya akasimama, mikono nyuma. Posa inakufa mbele ya watu. Sasa ndipo moyo uliponiuma kweli.

"Hiki kimeniamkia mara arobaini na moja," mzee akasema. "Hakikuchoka, hakikununa."

"Ndiyo, mzee."

"Wewe jana umepita dukani kwangu ukanipungia mkono."

Waya akainamisha kichwa.

"Waambie wazee wako posa nimeikubali."

Waya akaanza kutabasamu. Mzee akakifuta kidude vumbi kwa kiganja, akakitia mfukoni.

"Ya hiki. Yako bado naifikiria."