Ndege Yenu ya Lisbon Inawahi Mno

Ndiyo, Mheshimiwa Mkurugenzi, yule dada wa dirisha lenu la tiketi hakusikia vibaya. Aliponiuliza, "Baba, shida yako ni ndege kuchelewa?" nilimjibu hapana mwanangu, shida ni kwamba inawahi. Akacheka mpaka akaita wenzake, kisha akaniambia niandike barua. Ndiyo hii.

Mimi ni Pantelei Rusnac wa Orhei. Naendesha basi dogo la abiria na vifurushi, kutoka Chișinău, mji mkuu wetu, mpaka Lisbon kwa Wareno, kilomita karibu elfu nne, siku tatu kama polisi wa njiani wana huruma. Shule niliiacha mapema, lakini ramani ya Ulaya ninayo kiunoni, shimo kwa shimo. Ninyi mmekuja na ndege ya mwendo wa saa nne na nusu tu. Hongereni. Sasa sikieni mlichoharibu.

1. Jibini. Jibini ya kondoo ya akina mama wa Orhei napakia mbichi, inafika Lisbon imeiva, mtu anainusa kabla sijafungua mlango. Watoto wa watu wetu waliohamia kule wamekua wakijua hiyo ndiyo ladha ya kwao. Juzi imefika ya ndegeni, wakampigia bibi yao simu: "Bibi, siku hizi unanunua dukani?" Mama wa watu alilia.

2. Hasira, na hapa ndipo penyewe. Kwetu haondoki mtu bila kugombana na wazazi. Kijana anapanda kwangu amenuna. Hungaria bado ananifokea, "Mzee, usinitajie baba yangu!" Slovenia anafungua kapu la mama yake. Ufaransa anaguna, "Lakini mshua naye hakukosea sana." Tukiingia Hispania ananiomba nisimame apige simu. Nimepatanisha watu kuliko padri, na joho sina. Ndege yenu inamshusha mtu na hasira yake ikiwa bado ya moto.

3. Binti yangu Ilinca. Alimleta mumewe Mreno tumwone, nami nikasema mbele ya meza nzima kwamba bwana huyu anashika glasi ya divai kama mgonjwa aliyeshika dawa. Utani tu! Ilinca akasema, "Baba, hunioni tena," akapanda ndege yenu kurudi Lisbon kwa mumewe. Kwangu angelainika kabla ya Italia. Kwenu ametua vilevile alivyopaa, na simu hapigi. Amejifungua mtoto wa kiume, habari nimezipata kwa jirani.

Kwa hiyo naomba kwa heshima zote: rubani awe anazunguka juu ya Milano siku moja hivi, au kila aliyenuna akataliwe ndegeni aletwe kwangu.

Nisalimie marubani, mafundi, wafagiaji, na yule dada mcheshi.

Mimi mwenye uchungu,
Pantelei Rusnac

N.B. Bahasha nilikuwa nailamba, Ilinca akapiga. Mtoto anabatizwa keshokutwa. Amesema, "Njoo baba, kabla sijabadili mawazo." Namjua, nimemzaa mimi: mawazo yake hayakai siku tatu. Mheshimiwa, tufanye hivi: mimi nayafuta malalamiko haya yote, nawasifia kwa akina mama wote wa Orhei, na ubavuni mwa basi langu nachora ndege yenu. Ninyi niuzieni kiti cha kesho, hata cha kando ya choo, na jibini yangu ipande hivyohivyo mbichi. Rubani asizunguke popote. Akijua njia ya mkato, apite.