Jina la Dobi Mlangoni

Jumatatu, 4 Mei

Nimemkosea Dobi. Ninaliandika hili kwanza, maana mdomoni halitoki.

Dobi ni mama mmoja, mwanafunzi mwenzangu. Kazini yeye yuko chumba cha kufulia cha hospitali, mimi ni karani wa ghala hospitali hiyo hiyo. Wote tumevuka arobaini, wote tumerudi chuoni kutafuta cheti, na wote takwimu imetukaba koo.

Kosa lenyewe ni hili. Wiki ya pili ya muhula mhadhiri alitwambia kuna masomo ya ziada chumba namba tisa. Bure! Orodha iko mlangoni, mtu aandike jina tu. Akasisitiza twende sasa hivi, tusingoje maji yafike shingoni. Mimi nilikuwa sijaelewa kitu tangu siku ya kwanza. Nikaenda. Kalamu mkononi, nikawaza: nikiandika jina langu, kila apitaye atajua mzee wa ghala hajui hesabu.

Nikaandika la Dobi. Mara mbili, Jumanne na Alhamisi. Nia ilikuwa niingie kimyakimya kwa nafasi yake. Nikachungulia dirishani, nikaona mwalimu ni binti wa rika la kitinda mimba wangu. Nikarudi nyumbani. Na niseme kweli yote: nilitaka pia watu waone kwamba asiyejua ni Dobi. Anajibu maswali mno darasani, yule.

Leo majibu ya jaribio yametoka. Dobi thelathini na nane kwa mia. Mimi kumi na tisa. Mtihani ni Jumatatu tarehe 18. Dobi kasema kesho anakwenda chumba namba tisa. Nimempongeza.

Jumanne, 5 Mei

Dobi karudishwa!

Kumbe chumba kile kina sheria. Ukiandika jina ukakosa kufika mara mbili, umefutwa muhula mzima. Yule binti, wa mwaka wa tatu, wenyewe tunamwita Mwalimu Kidogo, kamfunulia orodha ya zamani. Kamwambia mama, jina lako hili hapa, nilikungoja saa nzima, siku mbili, na ubao nilishaandika. Dobi kaapa hakuandika.

Halafu akaanza kujishuku mwenyewe. Hapo ndipo pameniuma. Kanisimamisha kwenye ngazi: "Kaka Ghala, au niliandika nikasahau? Siku hizi nachoka hadi nasahau nilipoweka viatu." Kaniuliza kama kusahau hivyo ni ugonjwa. Asipofaulu, hospitali italeta mtu wa nje kusimamia chumba cha kufulia. Miaka kumi na miwili anasukuma mikokoteni ya mashuka mle.

Nimemwambia kusahau ni kawaida kwa umri wetu. Nimesema hivyo! Kwa mdomo huu huu.

Jumatano, 6 Mei

Mpango umepatikana. Nijiandikishe mimi, nifundishwe, kisha nimfundishe Dobi. Dhambi itajifuta yenyewe bila kutajwa.

Nimefika saa nane mchana. Foleni imetoka mlangoni, imekata kona, imeishia vyooni. Nimesimama pale dakika hamsini. Kijana mmoja kaniuliza kama maji yamerudi. Mwingine kanishukuru kwa usafi.

Zamu yangu ilipofika, Mwalimu Kidogo kapekua daftari: nafasi iliyo wazi ni Alhamisi tarehe 21. Nikamkumbusha mtihani ni tarehe 18. Kasema anajua, baba. Kasema wiki ya pili alikuwa anakaa humu peke yake anahesabu nzi. "Ungekuja wakati ule, baba, ningekufundisha mpaka unikimbie."

Nilimwona wiki ile, dirishani. Alikuwa anafuta kiti kwa leso yake, amwekee mgeni ambaye mimi nilijua haji.

Alhamisi, 7 Mei

Basi nifundishe bila kufundishwa! Nimeazima kitabu, nimemwita Dobi barazani pa maktaba. Tukaanza na namba ya katikati. Kitabu kinasema zikiwa tisa, ya tano ndiyo yenyewe. Rahisi. Nikamwambia anitajie uzito wa mafurushi tisa ya nguo za jana, nikayaandika, nikahesabu moja hadi tano, nikazungushia duara. Kilo thelathini na nane.

Dobi kaikodolea macho. Kaniuliza, "Kaka, hilo si ndilo furushi zito kuliko yote?" Nikamjibu hesabu haitazami uzito. Kasema haiwezekani, kwao chumba cha kufulia huwezi kujua shuka la kati kabla hujayapanga, la kitanda cha mtoto huku, la mkubwa kule. Kachukua kalamu, kazipanga namba kutoka ndogo hadi kubwa. Ya katikati ikawa ishirini na tano.

Nikakifunua tena kitabu. Mstari wa kwanza: panga namba zako kwanza. Mimi nilianzia mstari wa pili.

Kacheka mpaka mkutubi katoka nje. Kisha Dobi kaweka kalamu chini. Kasema kumbe takwimu ni mambo anayoyafanya kila siku, alikosa tu mtu wa kumwambia. Angeambiwa mwanzoni, asingelala na hofu miezi miwili. Kasema hayo huku anatazama mikono yake, ngozi imejikunja kwa maji hata siku ya mapumziko. Nikajifanya natafuta ukurasa.

Ijumaa, 8 Mei

Balaa! Dobi kanifuata ghalani na ile orodha ya zamani. Kaiomba kwa Mwalimu Kidogo. Eti mimi nimesoma miandiko ya madaktari miaka yote, nimsaidie kumtambua aliyeandika.

Mwandiko wenyewe ni herufi kubwa, za mraba. Nyuma yangu rafu nzima ya makasha niliyoyaandika kwa mkono wangu. GLAVU. PAMBA. BANDEJI. Nikasimama, nikatanua mikono kama mtu anayejinyoosha, nikabaki hivyo hivyo. Kaniuliza kama mgongo unauma. Nikasema unauma sana.

Nikaikagua karatasi kwa mbali, nikatoa hukumu: huyu ni kijana, tena wa mkono wa kushoto. Dobi kaitazama, kasema huyo kijana ana herufi nzuri, laiti na roho yake ingekuwa hivyo.

Alikuwa na neno jingine. Mwalimu Kidogo kamwahidi kwamba aliyeandika akija kukiri mwenyewe, jina la Dobi linarudi siku hiyo hiyo, na atamfundisha hata saa ya chakula chake. "Lakini nani atakuja, Kaka?"

Nikasema dunia ina mambo.

Jumapili, 10 Mei

Nimemweleza mke wangu yote. Alikuwa anamenya viazi. Hakugomba, na afadhali angegomba. Kauliza swali moja tu: nani ninayemwogopa, Dobi au yule binti?

Nimelitafakari mchana kutwa. Si Dobi, si binti. Naogopa kuonekana sijui. Ningeandika jina langu siku ile, leo tungekuwa watu wawili wanaojua kupanga namba, na mmoja asingekuwa anajiuliza kama akili yake inapotea. Hilo la mwisho ndilo linalonikosesha raha ya chakula. Mtihani unaweza kurudiwa. Lakini nimemwacha mtu mzima aishuku akili yake, siku tano.

Basi nimekata shauri. Nitaingia chumba namba tisa, Dobi akiwepo, niseme: aliyeandika ni mimi, huyu mama hakusahau chochote. Niandike hayo na kutia sahihi. Siku: Ijumaa tarehe 15, saa kumi jioni.

Mke wangu kauliza kwa nini isiwe kesho asubuhi. Nimemwambia jambo zito halikurupukiwi, mtu anahitaji wiki ya kupanga maneno. Kanikumbusha mtihani ni Jumatatu yake. Najua! Nikikiri Ijumaa, Dobi anabaki na Jumamosi na Jumapili. Siku mbili nzima. Mwenye akili kama ile zinamtosha na chenji inabaki.

Kabeba viazi vyake kaingia ndani.

Ijumaa, saa kumi. Naapa. Ikizidi sana, saa kumi na nusu. Chumba chenyewe hufungwa saa kumi na moja.