Msaidizi Asiyevunja Yai

Jumatatu, 13 Mei

Mke wangu Yocasta ameingia sebuleni, unga umempanda mpaka viwikoni. Amesema Siku ya Mama inakaribia, oda za keki zimeanza kumiminika, peke yake hawezi tena, anataka msaidizi. Nimemwambia nimeshalishughulikia. Sikuwa nimelishughulikia. Lakini mkurugenzi hutoa jibu kwanza, mengine hufuata.

Nimekwenda dukani kwa Chepe kucheza dhumna ili nifikiri vizuri. Fermín Polanco alikuwepo, yule mwenye duka la keki karibu na kanisa. Katikati ya mchezo simu yake ikalia, akaipokea mwenyewe. Mwenyewe! Oda akaiandika kwenye kiganja cha mkono. Sikioni ana krimu. Huyu ndiye ambaye mji wetu mzima wa Moca unamwita mfanyabiashara.

Pale pale akili ikanifunguka. Biashara kubwa hazipokei simu zao wenyewe. Zina mtu. Na siku hizi mtu huyo si lazima awepo. Anakaa nchi nyingine na kompyuta yake, anajibu wateja, anapanga ratiba, hali chakula chako wala hakalii kiti chako. Msaidizi wa mtandaoni. Nimeweka tangazo. Nimeandika kwamba kampuni yangu ina timu imara.

Timu ni Yocasta na oveni.

Jumatano, 15 Mei

Usaili siku nzima. Nimevaa shati jeupe na tai, chini kaptula, maana kamera haifiki huko. Kijana mmoja wa Honduras ameuliza kuhusu likizo. Nimemkatia. Bibi mmoja wa Bogotá ameuliza kazi yangu mimi hasa ni ipi. Naye nimemkatia.

Kisha akatokea Norelkys, wa Barquisimeto, Venezuela. Sauti kama asali, nyuma yake jogoo anawika. Amesema: "Mpenzi wangu, wewe niambie unachotaka, mimi nitakipanga." Mpenzi wangu! Tumeonana dakika chache tu. Baadhi yetu Mungu ametujalia mvuto, tufanyeje. Nimemwajiri.

Nimemtangazia Yocasta kwamba msaidizi amepatikana. Amefurahi mpaka nikaona haya kidogo. Amefua aproni ya pili, amesogeza kibao karibu na meza, ameuliza anafika lini. Nimemwonyesha simu. Norelkys akapunga mkono.

Yocasta ameitazama simu, akanitazama mimi. Ameuliza kama huyo anaweza kuvunja yai.

Nimemweleza kwamba yai ni fikra za zamani. Amerudi jikoni na kufunga mlango polepole sana. Ningependa zaidi angeubamiza.

Alhamisi, 16 Mei

Agizo langu la kwanza kwa Norelkys: yeyote atakayepiga, aambiwe kwamba mimi, don Radhamés, niko mkutanoni. Si lazima mkutano uwepo. Kinachotakiwa ni heshima ya mkutano.

Mfumo umefanya kazi bila dosari hadi saa za mchana, mama yangu alipopiga akiwa zahanati, nikamchukue kwa gari. Ameambiwa niko mkutanoni. Amepiga tena, bado niko mkutanoni. Mvua ikaanza. Mama ana miaka zaidi ya themanini na goti moja zima. Amepanda pikipiki ya kukodi, nyuma ya kijana asiyemjua, mfuko wa plastiki kichwani, akashukia kwa Chepe. Mkononi nilikuwa nimeshika dhumna nzuri mno.

Ameniuliza mbele ya watu wote, kwa upole: "Radhamés, mwanangu, hawa ndio wakurugenzi wenzako?"

Fermín amecheka hadi akaangusha vipande vyake. Kisha amemrudisha mama nyumbani kwa gari lake. Mtu wa kujipendekeza namna hiyo sijapata kumwona.

Jumamosi, 18 Mei

Leo nimeanzisha idara. Norelkys atakuwa Mauzo, pia Malalamiko, pia Ofisi ya Mkurugenzi. Nimemwelekeza abadilishe sauti. Amesema yeye ana sauti moja tu lakini atajaribu kukohoa.

Wa kwanza kulalamika ni doña Minerva, mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili. Keki ya mumewe iliandikwa "Hongera Ramona" na mumewe anaitwa Ramón. Kosa langu, lakini herufi moja! Mauzo ikampeleka Malalamiko, Malalamiko ikakohoa ikampeleka kwa Mkurugenzi. Doña Minerva akasema binti yangu, ni wewe tena, una mafua? Wakaanza kuongea. Mafua, magoti, watoto walioko ughaibuni. Mwisho mwalimu amesamehe herufi na kuagiza keki ya ghorofa mbili.

Nimejipongeza. Idara zimefaulu.

Kisha nimepitia ujumbe wote aliotuma Norelkys leo. Doña Minerva anamwita malkia wangu. Muuza mayai anamwita moyo wangu. Mpenzi wangu anamwita yule mzee anayeleta gesi, ambaye hana hata meno ya mbele! Nimekula mangú yangu, ndizi za kuponda, bila hamu. Wavenezuela hawajui thamani ya maneno.

Jumatatu, 20 Mei

Upelelezi. Krimu ya Fermín inasimama wima hata jua la saa saba, nyeupe kama pamba. Yetu huanza kulala ikifika mlangoni. Nimemwagiza Norelkys ampigie Fermín, ajifanye bi harusi, amchimbe mpaka aitoe siri.

Amesema hapendi kumdanganya mtu ambaye hajamkosea. Nimemfafanulia biashara ni nini. Akasema sawa, don Radhamés, atauliza.

Akauliza! Amempigia na kumwambia wazi: mimi ni msaidizi wa don Radhamés Tavárez, anataka kujua krimu yako inasimamaje. Na yule mpumbavu akamweleza. Ujumbe wa sauti mrefu kama misa: maji ya sukari yachemke hadi yavute uzi, yamiminwe taratibu juu ya ute wa yai huku mashine inazunguka, kisha tone la ndimu. Akaongeza kwamba tukikwama twende tukaangalie, mlango uko wazi. Mtu anayegawa siri zake bure namna hii, biashara yake itadumu vipi?

Tatizo ni hili. Norelkys hakuniletea mimi ule ujumbe. Ameutuma kwa Yocasta, eti yeye ndiye anayepika. Nimemsikia Yocasta jikoni akiusikiliza, kisha akacheka. Sijamsikia akicheka tangu Pasaka. Baadaye akaanza kuongea, na simu ikamjibu kwa sauti ya asali, na jogoo akawika.

Sasa wanaongea wao kwa wao. Mimi ndiye mkurugenzi, lakini habari za kampuni nazisikia kupitia mlango.

Jumatano, 22 Mei

Wamenipindua. Norelkys amemuuliza Yocasta anaweza kupika keki ngapi kwa Siku ya Mama, Yocasta akataja, na kuanzia hapo Norelkys anawaambia watu, kwa mapenzi yote, kwamba nafasi zimejaa. Anakataa wateja! Nalipa mtu akae Barquisimeto anifukuzie wateja!

Nimempigia. Amesema oveni ni moja, mpenzi wangu, na mikono ni miwili. Nimemwambia hayo ni mawazo ya watu wa chini. Amesema huenda, lakini oveni bado ni moja.

Basi Yocasta alipokwenda kusali, nimeingia mwenyewe kwenye simu ya biashara, ile inayopokea ujumbe wa wateja. Kila aliyekataliwa nimemwandikia: karibu sana, tumepata nafasi. Kina mama wa kanisani, nimewakubalia. Kituo cha polisi kizima. Chama cha mafundi viatu. Watu watano waliosema wametoka kwa Fermín kwa sababu naye amejaza, hao nimewakubalia kwa herufi kubwa. Nimejisikia kama kijana. Umeme umekatika nikiwa katikati, nikaendelea kwa betri iliyobaki. Ndiyo tofauti ya mtu mwenye maono.

Ijumaa, 24 Mei

Yocasta ameziona oda.

Hakupiga kelele. Ameketi kwenye kile kibao alichokuwa amemwandalia msaidizi, akavua aproni, akaikunja. Amesema: "Radhamés, keki hazijawahi kunichosha. Umenichosha wewe."

Ametoka na mkoba mmoja na mashine ya kupigia mayai. Amekwenda kwa dada yake Dulce. Mashine ni ya kampuni, nimemkumbusha akiwa getini. Amenipandisha na kunishusha, akasonya, akaenda.

Hakuna haraka. Keki ni unga, mayai, siagi, moto. Nimeanza mwenyewe. Ya kwanza imetoka imebonyea katikati kama godoro la wageni. Ya pili haikutoka, imekataa kuachana na chombo. Krimu nimeipiga kwa uma. Nusu saa. Ilikuwa maji, imebaki maji, yamechoka kidogo.

Nimempigia Norelkys, nimemwamuru amwandikie Yocasta barua ya kuomba radhi kwa jina langu. Nzuri, yenye machozi, aya mbili, atie na kitu kuhusu siku ya harusi yetu.

Kwa mara ya kwanza hakuniita mpenzi. Amesema: "Don Radhamés, ratiba nitakupangia. Hilo uandike mwenyewe, maana atajua si wewe."

Kiburi cha waajiriwa siku hizi! Nimekaa na simu. Nimeandika, nimefuta. Nilitaka kusema kwamba nyumba imekuwa kubwa. Kwamba nimetia sukari kwenye kahawa nikagundua ni chumvi, nikainywa hivyo hivyo kwa kuwa hapakuwa na wa kuniona nikiimwaga. Mambo ya kijinga. Mwisho nimetuma haya:

"Mayai mengine yako wapi?"

Hajajibu.

Jumapili, 26 Mei. Siku ya Mama

Naandika nimechoka, na krimu ndani ya kiatu.

Jana asubuhi niliamka nikitarajia kituo cha polisi kije kunikamata kwa ajili ya keki zake. Hakuna aliyekuja. Hata simu haikulia. Nimempigia Norelkys nijue wateja wamekwenda wapi. Akasema wote ameshaongea nao, mmoja mmoja. Waliokubali keki ndogo, watapata ndogo. Waliokubali kuichukua Jumapili jioni, wamesogezwa. Waliokasirika ameongea nao hadi wakamweleza habari za mama zao. Na keki zinapikwa.

Zinapikwa wapi?

Kwa Fermín.

Nimekwenda mbio. Pale ndani, Yocasta yuko mbele ya oveni ya kwanza, mke wa Fermín kwenye ya pili, Dulce anavunja mayai mawili mawili kwa mkono mmoja, na Fermín, na sikio lake lenye krimu, anapamba. Simu imeegemezwa kwenye bakuli la sukari, Norelkys ndani yake anasoma majina. Wanacheka wote. Norelkys ndiye aliyempigia Fermín. Akamwambia ukweli, na Fermín akasema waje. Basi! Bila mkataba, bila masharti, bila hata kunitukana kwanza. Huyu mtu ana akili gani?

Nimesimama mlangoni na tai yangu. Nimesema nimekuja kusimamia. Yocasta hakugeuka. Amesema gari limepakiwa, niende.

Jana na leo nimekuwa dereva. Norelkys ananiongoza kwenye simu: pinda kulia mpenzi wangu, mlango wa kijani, tabasamu. Moja nimeiangusha, ya mafundi viatu, wakaila hivyo hivyo na vijiko. Ya mwisho ilikuwa ya mama yangu. Kumbe Yocasta ndiye aliyeipika, kabla ya zote, na kuiandika vizuri, bila kosa la herufi. Mama ameonja, akafumba macho, akasema mwambie mkeo Mungu ambariki. Nimeuliza na mimi je? Amenikatia kipande. Kidogo.

Jioni Yocasta amerudi nyumbani, na mashine. Ametaja mambo yake akiwa bado amesimama. Dulce ataanza kazi jikoni. Norelkys atakuwa chini ya Yocasta mwenyewe, si chini yangu. Na ile simu ya biashara nisiiguse, hata ikiungua moto. Nimekubali yote. Kisha ameniuliza ile chumvi nilikuwa nimeitia vijiko vingapi. Sikumwambia mtu habari ya chumvi. Lazima aliliona kopo la chumvi kando ya lile la kahawa. Nimesema viwili. Amecheka, akanitengenezea kahawa.

Ilikuwa kahawa nzuri. Sina la kusema zaidi.

Jumanne, 28 Mei

Nimetafakari kwa utulivu. Mkurugenzi lazima achambue kushindwa kwake, na huku kushindwa hata si kwangu.

Dulce anavunja mayai. Yocasta anaimba jikoni. Fermín amepita asubuhi kurudisha bakuli na kupiga soga na Norelkys kwenye simu. Wote wameridhika, jambo ambalo si dalili nzuri kwa kampuni. Hakuna anayenipigia. Ofisi yangu ni meza ya plastiki uani, karibu na kamba ya nguo.

Kosa limepatikana, na ni dogo. Norelkys hakuwa na tatizo lolote ila moja: anajua Kihispania. Msaidizi anayejua lugha ya mkeo ataongea na mkeo. Wakishaongea, wewe kwisha.

Kwa hiyo nimeweka tangazo jipya. Safari hii nataka mtu wa Ufilipino, mbali kabisa, asiyejua neno hata moja la Kihispania. Mimi sijui lugha yao, wala Kiingereza, lakini uongozi hauhitaji lugha.

Mmoja ameshajibu, ujumbe mrefu, umeandikwa vizuri, una aya na alama za kuuliza. Sijui amesema nini.

Nimemwajiri.