Sentimita Tatu za Mlango wa Ukoo

Jumatatu, 3 Machi

Kwa miaka arobaini na sita nimeficha jambo kuhusu mlango mkubwa wa ukumbi wa ukoo wetu hapa Penang. Daktari ameniambia nisianze kusoma kitabu kirefu. Basi nitaliandika hapa kabla sijafa. Si leo. Leo nina hasira.

Ukumbi unakarabatiwa. Kabla fundi hajagusa msumari, kila ukuta lazima upimwe na kuchorwa. Ulishapimwa! Niliupima mimi, Quah Boon Leng, mwaka 1979, na mchoro wangu umetundikwa karibu na madhabahu ya mababu. Lakini kamati imemleta binti mmoja, Pei Shan, na chombo cha miguu mitatu kinachozungusha kichwa kama bundi. Kimemaliza ukumbi mzima asubuhi moja. Mimi ulinichukua miezi saba!

Akanijia na adabu zake zote. Babu, mchoro wako ni mzuri ajabu, ila mlango mkubwa umeandikwa upana wa sentimita 154, na chombo kinasema 157. Labda nimekosea mimi? Nikamwambia ndiyo, umekosea wewe. Akasema kesho atapima tena.

Ng'ambo ya barabara Kheng Soon, muuza tambi, akacheka. Ana miaka themanini na moja, hasikii honi ya lori. Yangu anayasikia.

Jumanne, 4 Machi

Mpango. Chombo kinaona kwa mwanga, na moshi huziba mwanga. Nikanunua vijiti vitatu vya udi, vile vya sikukuu, kila kimoja kinene kama mkono wangu. Nikaviwasha mbele ya mlango, nikajifanya nawaomba mababu. Moshi ukajaa. Pei Shan akakaa kizingitini, akala biskuti, akasubiri. Mimi ndiye niliyekohoa mpaka binti yangu Siew Har akaitwa. Amenisema njia nzima. Baba, unawaomba mababu au unawafuata?

Kheng Soon akapaza sauti kutoka kwenye karai lake: “Mwacheni! Anajikausha, asioze!”

Moshi ulipoisha, Pei Shan akapima. 157. Nyau yule.

Jumatano, 5 Machi

Mpango bora zaidi. Mlango ukiwa mpana, ufanye mwembamba! Nimepata ubao wa sentimita tatu, nikaupaka rangi nyeusi kama miimo ya mlango, nikauficha ndani ya suruali. Nikatembea kama korongo. Watu wakanipisha kwa huruma.

Nyundo siiwezi tena. Nikaubandika kwa gundi. Ulikaa dakika nne. Kheng Soon akaingia na chakula cha mlinzi, ubao ukaangukia sinia. Akauokota. Akaupima kwa vidole. Akanitazama. Hakucheka. Afadhali angecheka!

Akasema tu: “Boon Leng, bado?”

Nikamwambia asinizoee.

Haya, niandike nusu yake. Mafundi wetu wana rula ya bahati. Nyekundu ni heri, nyeusi ni balaa, na kila alama ina jina lake. Upana wa mlango sharti uangukie nyekundu. Mwaka 1979 niliweka rula yangu kwenye mlango wa mababu. Ikaangukia nyeusi. Jina la alama: Wizi! Mlango wa ukoo mzima! Nani angempelekea mwenyekiti habari hiyo na kubaki na kazi? Nikapunguza sentimita tatu kwenye karatasi. Ukaangukia nyekundu, alama ya Cheo. Mwaka uliofuata nikapandishwa cheo. Kwa hiyo rula haidanganyi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshinda. Maafa!

Kamati ilikutana. Pei Shan akaonyesha tarakimu zake. Mwenyekiti akasema mchoro wa mzee Boon Leng una mhuri, chombo kina betri. Wakacheka, wakagonga meza. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu nilioufanyia mazoezi kwenye kioo.

Kisha akasoma la pili. Miimo ya zamani imeliwa na mchwa. Mipya imeshachongwa kwa mchoro wangu, 154. Mbao mbili za mlango hazitaingia. Jumamosi asubuhi zitakatwa pale zinapokutana, kila moja sentimita moja na nusu.

Pale ndipo majemadari wawili waliochorwa wanapotazamana, pua kwa pua. Msumeno utapita puani! Kila Mwaka Mpya bibi yangu alininyanyua niwaguse ndevu. Wamelinda mlango ule miaka mia na hamsini, na atakayewakata ni mimi.

Binti huyu! Angekosea kupima kama watu wengine, haya yangetokea?

Ijumaa, 7 Machi

Nimeenda kwa Kheng Soon. Nimeagiza sahani moja, pilipili kidogo. Nikampa mpango wangu. Aseme kosa la 1979 lilikuwa lake. Yeye jina lake lilishachafuka zamani, doa moja zaidi nani ataliona?

Alicheka mpaka akaacha mwiko. Halafu akaingia ndani, akatoka na kitambaa, na ndani ya kitambaa rula ya mbao nyeusi kwa uzee. Ya babu yake, aliyejenga ukumbi. Akailaza juu ya rula yangu. Ya kwao ni ndefu kuliko yangu kwa vidole viwili.

“Wewe yako ulinunua dukani,” akasema. “Mababu walikuja na ya kwao. Hebu pima 157 kwa hii.”

Nikapima. Nyekundu. Haki.

“Nilikwambia siku ile ile. Kula, tambi zinapoa.”

Zilikuwa na chumvi nyingi. Sikumwambia asante.

Jumamosi, 8 Machi

Mbao zilikuwa zimelazwa uani. Fundi alikuwa ameshapiga mstari wa chaki. Nikapiga kelele acheni! Wote wakageuka: mwenyekiti, Pei Shan, Siew Har, na Kheng Soon na aproni yake. Nikafungua kinywa niseme.

Nikasema ni karatasi. Joto na unyevu. Mchoro umenywea sentimita tatu.

Pei Shan akauliza: “Umenywea mlangoni tu, babu?”

Nikamwambia karatasi kuukuu ina mambo yake. Mwenyekiti akaamuru miimo ichongwe upya, 157. Pua zimepona! Akasema uaminifu wangu uandikwe kwenye jiwe kando ya mlango. Nimeomba herufi kubwa, macho yangu hayaoni vizuri.

Kheng Soon akarudi ng'ambo, akazima jiko saa sita mchana. Kwa nini hasemi? Miaka arobaini na sita anakaanga tambi mbele ya mlango ule, na hasemi!

Haya. Mwaka 1979 Kheng Soon hakuwa muuza tambi. Alikuwa seremala, na ndiye aliyenishikia upande wa pili wa futi. Alisoma 157 mara tatu, kwa sauti. Nikamwandikia mwenyekiti wa wakati ule kwamba hajui kusoma futi. Akafukuzwa, na hakuna tena mtu wa mji huu aliyempa mbao.

Kusoma futi alikuwa anajua.