Kofia Chini ya Mkorosho

Jumatatu, 8 Septemba
Jumuiya yetu ya kanisa imekutana kwangu. Bibi Lusia kavunjika mguu, amelazwa Nachingwea. Shamba lake la mikorosho kule Matambarale limemezwa na majani, na korosho zimeanza kudondoka. Zikipotelea humo, chakula na shule ya mjukuu vimekwenda. Tumekubaliana Jumamosi twende wote na mafyekeo. Teofili, katibu wetu, akasali dakika kumi na saba. Nilitazama saa! Jumapili tunachagua mwenyekiti, na watu wanamwangalia kama vile kiti kimeshapata joto lake. Imani bila matendo imekufa. Matendo watayaona kwangu.

Jumatano, 10 Septemba
Mpango: kesho nikafyeke peke yangu. Jumamosi wakute shamba jeupe, waulizane ni nani. Nitainamisha kichwa, kimya. Mkono wa kushoto usijue! Ila nitasahau kofia yangu chini ya mkorosho, imeandikwa KIPRIANI kwa wino mweusi.

Mke wangu Prisca kaniuliza kama najua mipaka ya kule. Nikamjibu shamba linaanzia kwenye kichuguu, hata mtoto anajua. Sikuuliza mtu mwingine. Siri ni siri.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimekwisha! Malengelenge mikono yote. Nimefyeka tangu alfajiri hadi jua kuzama. Nikaokota na korosho zote, karibu gunia, nikazileta nyumbani kwa baiskeli zisije zikaibiwa. Kofia imebaki. Najipenda sana leo.

Jumamosi, 13 Septemba
Kumbe vichuguu ni viwili.

Nimefyeka shamba la Teofili! La Bibi Lusia liko ng'ambo, majani kiunoni. Teofili alisimama mbele ya watu, kofia yangu mkononi. Hakugomba. Alisema kwa upole kwamba korosho zake zote zimeokotwa, labda ndugu Kipriani ana maelezo. Upole ule! Huku kwetu ukiokota korosho chini ya mkorosho wa mtu bila ruhusa, wewe ni mwizi, hata ukivaa rozari tatu. Nikasema nilikuwa nasaidia, korosho ziko salama uvunguni kwangu. Koleta, mhasibu wetu, akauliza ni msaada gani huo unaoishia uvunguni kwa msaidiaji. Mwizi, mbele ya mke wangu!

Aliyeniokoa ni Mama Fatma, jirani wa shamba, Mwislamu, kwetu hana hata kura. Aliapa kwamba Alhamisi aliniona nikifyeka kutwa, na kila nikipumzika naihutubia mikorosho: kwamba nashukuru kwa kunichagua, sikustahili, lakini nitajitahidi. Akairudia hotuba yote. Na mikono nilivyoinyoosha! Watu walicheka mpaka Koleta akakaa chini.

Teofili akanikumbatia. Akasema kwa kuwa lake limeshafyekwa, vibarua wake wawili wahamie kwa Bibi Lusia. Akapigiwa makofi! Kwa jasho langu! Saa tisa tukamaliza. Mimi fyekeo halikushikika, nikapewa kazi ya kuokota. Koleta alinifuata mti kwa mti, kisha hadi nyumbani kulichukua gunia la Teofili.

Jumapili, 14 Septemba
Teofili ndiye mwenyekiti. Nimepata kura moja. Prisca anasema si yake.

Bibi Lusia kapiga simu toka wodini, analia kwa furaha. Korosho zimeokoka, mjukuu anabaki shuleni. Nami nilifurahi, sisemi uongo. Nikaona aibu pia. Nikatubu kabisa, kama robo saa hivi.

Halafu nikapita kwa Mzee Titus, yule mgane wa kando ya barabara ya kanisani. Choo chake kimetitia jana. Kaniomba nimtafutie watu wa kuchimba kingine, maana magoti yake hayamruhusu kwenda mbali. Nimemwambia avumilie, aazime cha jirani, na asimwambie mtu yeyote. Baba Askofu anakuja kutoa kipaimara tarehe 28. Msafara utapita hapo mlangoni saa nne asubuhi. Mimi nitakuwa shimoni, nachimba.